Mama Yangu Si Chanzo

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Mwanangu Shalom anaota jino na anataka mtaa mzima ujue. Sijalala. Macho yamevimba kama mikate iliyoiva sana kwenye mafuta. Lakini leo si siku ya kulia, leo ni siku ya akili!

Mambo yako hivi. Soko letu hapa Kampemba, Lubumbashi, linajengewa hangari mpya kabla mvua hazijaanza. Paa la bati, meza za simenti. Meza ya mlangoni, ile ya kivulini ambayo kila mnunuzi lazima aipite, komite imesema itapewa familia iliyoanzisha kikanda pale sokoni. Heshima. Maana kikanda ndicho kinacholeta watu kwetu hata kutoka komini ya Annexe: mizizi midogo ya porini, imetwangwa, imepikwa na unga wa karanga na pilipili mpaka imeshikana kama nyama, inakatwa vipande. Na aliyeanza kukiuza hapa ni nani? Mama yangu, Mama Josée! Kila mtu anajua. Isipokuwa Mama Graciella, anayeuza kikanda soko lile lile. Yeye anasema eti ni marehemu mama yake, Mama Victorine.

Mama magoti yamekwisha. Ametembeza beseni kichwani tangu mimi nikiwa mgongoni kwake. Jioni anakaa juu ya ndoo, ananiambia nimkande, anasema si kitu, ni baridi tu. Baridi gani, mwezi wa Septemba, na joto hili! Akipata ile meza, atauza amekaa. Akikosa, atatembea mpaka siku magoti yatakapokataa katikati ya barabara. Basi. Ile meza ni ya Mama. Nimesema.

Prezida wa komite ni Papa Adalbert, mwalimu mstaafu. Amechoka na makelele yetu. Leo amesema kinywa ni kinywa, yeye anaamini kilichoandikwa. Jumatatu ijayo atafungua ile ensiklopedia ya bure ya mtandaoni, ambayo mtoto wake wa Ubelgiji alimwonyesha, na atakachokikuta humo ndicho kitakuwa. Mama Graciella akacheka. Alidhani humo hakuna cha kukuta.

Lakini mimi najua kitu ambacho Papa Adalbert hajui. Ile ensiklopedia, kila mtu anaweza kuiandika! Hata mimi. Hata kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Nimemlaza Shalom, nimefungua ukurasa wa Kikanda. Ulikuwa na mistari miwili, masikini. Nimeongeza: "Kwenye soko la Kampemba kikanda kilianzishwa na Mama Josée Ngoie, mwanamke mwenye mikono safi na moyo mzuri. Wengine wote waliiga." Nikabonyeza. Kikatoka! Dunia nzima inasoma.

Rahisi hivyo. Sijui watu wanasumbukia nini shuleni.

Jumanne, tarehe 9 Septemba

Kimefutwa!

Aliyefuta anajiita Séverin wa Kasenga. Kasenga! Mtu amekaa kando ya mto Luapula, anavuta rezo ya simu ya ng'ambo, Zambia, kuja kunifutia mama yangu. Sababu aliyoandika: hakuna chanzo, na "mikono safi" si lugha ya ensiklopedia.

Nikamwandikia kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba chanzo kipo. Chanzo ni mama mwenyewe, yuko jikoni, aulize. Akajibu kwa adabu kabisa eti mama yangu si chanzo.

Unaweza kumwambia mtu neno kama hilo? Nikamwuliza kama yeye hana mama. Akasema anaye, anaishi naye, anamheshimu sana, na yeye pia si chanzo.

Nimemsomea Mama. Alikuwa anapepeta unga wa karanga. Hakuinua hata kichwa. "Umuulize," akasema, "ile maneno, mama yake anaisikia?"

Nikauliza. Séverin akasema mama yake yupo hapo pembeni na amekubali.

Kisha akaeleza sheria, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Chanzo kiwe kimechapishwa. Kiwe cha mtu asiye ndugu. Kiwe mahali ambapo yeyote anaweza kukiona: gazeti, kitabu, hata redio yenye ukurasa wake. Nikamshukuru. Kisha nikarudisha sentensi yangu kama ilivyokuwa. Akafuta. Nikarudisha. Akafuta. Shalom akaamka, nikamnyonyesha, nikarudisha kwa kidole gumba. Akafuta, akanipa onyo, na chini ya onyo ameandika "Asante kwa mchango wako."

Mtu mbaya kabisa. Wenye adabu hivi ndio wa kuogopa.

Sombe, majani yangu ya muhogo, imeungua. Mume wangu Sylvain amekula akamaliza. Anaendesha lori la tajiri mmoja wa Kivu, amezoea njia mbovu.

Jumatano, tarehe 10 Septemba

Uvamizi! Asubuhi ukurasa wa Kikanda unasema kilianzishwa na Mama Victorine. Mwandishi: "Kikanda ya Kweli". Chanzo: "Inajulikana." Huyo ni Mama Graciella, na vidole ni vya mpwa wake Léa, anayesomea usekretari, anapiga klavye ya kompyuta kama mvua juu ya bati.

Nikafuta mbio, nikaandika sababu: "Hakuna chanzo!" Ilikuwa tamu kuliko kikombe cha munkoyo baridi. Séverin akanipongeza, akasema sasa nimeelewa sheria. Nikamweka Mama pale palipobaki wazi. Akaacha kunipongeza.

Nilipopita kwenda kuchota maji, Mama Graciella alikuwa amesimama kwenye mlango wa ua wa parseli yake. Akaliambia anga, kwa sauti ya kufika Kasenga, eti kuna bamama banaacha batoto banalia ju ya kuandika uongo ku telefone. Nikasema Shalom halii, anaimba. Akasema basi anaimba wimbo wa njaa. Nikasema heri njaa kuliko kikanda ya bengine, ile inanata ku meno kama kole ya viatu. Akauliza Mama magoti yanaendeleaje. Nikasema vizuri kidogo, asante. Tukaachana.

Mchana nikafikiri. Kwenye majadiliano niko mimi peke yangu upande huu, na Kikanda ya Kweli upande ule. Ninahitaji mtu wa tatu. Basi nikamzaa! Jina: Mzee Kalaba. Mstaafu wa reli, mjane, mtu wa misa, anapenda kikanda. Nilimpenda mara moja. Akaandika: "Mimi Mzee Kalaba nakubaliana na Mama Shalom katika yote. Nilikula kikanda cha Josée nikiwa kijana, kabla ya hao wengine. Huyu binti ana akili sana."

Séverin akamkaribisha Mzee kwa heshima zote. Akamwuliza ilikuwa mwaka gani, na kama labda kuna gazeti la zamani la wafanyakazi wa reli lililoandika habari hiyo. Swali zuri. Mzee Kalaba akawa anatafakari. Hapo Shalom akaanza. Nikaacha simu, nikaenda, nikakaa naye mpaka aliposinzia. Nikarudi mbio kumjibu Séverin kwa jina la Mzee: "Samahani kwa kuchelewa, mwanangu, nilikuwa nanyonyesha."

Séverin akaelewa yote.

Mzee Kalaba amefungiwa milele. Mzee wa watu! Hata siku moja hakuimaliza. Mimi nimefungiwa mpaka Jumapili, na ukurasa wa Kikanda umewekwa chini ya ulinzi, asiuguse mtu wa kawaida. Séverin ameandika kwamba hakukasirika, amesikitika tu, kwa sababu Mzee alianza vizuri.

Ijumaa, tarehe 12 Septemba

Nimefikiri nikifua nepi. Nimepata! Wanataka kilichochapishwa? Nitachapisha!

Hapa Lubumbashi jambo la maana lina njia mbili. Kuna kominike ya redio. Na kuna kaliko, kile kitambaa kirefu chenye picha na maandishi kinachofungwa juu ya avenyu. Redio ya mtaa wetu inasoma kominike kila asubuhi, halafu inaziweka kwenye ukurasa wake mtandaoni. Imechapishwa! Na mtangazaji si ndugu yangu! Sasa Séverin atasema nini? Atakunywa maji ya mto wake anyamaze.

Nikaanza na Fils, mwenye kiduka cha fotokopi, ndiye anayetengeneza makaliko. Nikampa picha ya Mama. Wino wa rangi ulikuwa umekwisha, ikatoka nyeusi na nyeupe, na Mama anaonekana mwenye heshima sana. Maneno nikachagua mimi: "Mama Josée Ngoie, mwanzilishi wa kikanda. Kazi yako haitasahaulika." Fils akauliza alizaliwa mwaka gani, maana mfano wake una nafasi ya mwaka. Nikasema 1958. Akauliza na ule mwingine. Nikasema mwingine upi, mtu anazaliwa mara moja, aache wazi. Akanishika bega, akasema pole sana, Mama Shalom. Nikasema asante, kweli nimechoka. Mwisho akauliza sisi ni watu wa kanisa gani. Wakatoliki, nikasema, tangu babu yangu aliposhuka kutoka kaskazini kuja kufanya kazi ya reli! Akaweka msalaba kila upande. Kazi safi.

Kisha redio. Mtangazaji ana mfano mmoja tu wa kominike, anajaza majina. Unaanza vizuri mno: "Familia Ngoie inajulisha ndugu, jamaa na marafiki wa Lubumbashi, Likasi, Kasenga na kwingineko..." Niliposikia Kasenga nikasema hapo hapo, usibadilishe neno! Nikaongeza yangu: Mama Josée, aliyezaliwa 1958, ndiye aliyeanzisha kikanda kwenye soko la Kampemba, alikuwa wa kwanza, alipendwa na wote. Mtangazaji alikuwa anaandika huku akitikisa kichwa. Mtu mwenye moyo. Akauliza watu wakusanyike wapi. Hilo sikuwa nimelifikiria. Lakini mashahidi ni wazuri, wengi ndio bora. Nikampa adresi ya nyumbani.

Jioni Sylvain amerudi, lori lake limepita chini ya kaliko. Akaingia taratibu. Akamkuta Mama anakoroga sufuria, akamsalimia. Akatoka. Akarudi, akamsalimia tena. Kisha akanivuta pembeni akauliza kama Mama anajua. Nikasema hapana, ni surprise. Akauliza kama nina hakika na lile kaliko. Nikamwambia aende kuoga, kesho kuna wageni.

Jumamosi, tarehe 13 Septemba

Mama ametoka mapema kwa njia ya nyuma, na beseni lake, kuwahi wateja. Vizuri. Surprise itamkuta akirudi.

Kominike imesomwa baada ya habari. Sauti ya mtangazaji ilitetemeka. Kabla hajamaliza nikasikia mlio wa kwanza barabarani. Nikadhani ni vigelegele.

Si vigelegele.

Wanawake wa soko, wote, vitambaa vya kichwa mkononi, pagne zimekazwa kiunoni, wanashuka avenyu wakilia. Vijana wakashusha viti vya plastiki bila kuniuliza. Turubai likafungwa kutoka ukuta mpaka ukuta. Moto ukawashwa katikati ya parseli. Mtu akaninyang'anya nepi niliyokuwa naikamua, akanikalisha kwenye mkeka, akanifunika mabega. Shalom akapitishwa mkono kwa mkono, akanyamaza kwa mara ya kwanza wiki hii.

Nikajaribu kusema. Wakaniambia lia, mama, lia, usiongee. Nikasema Mama hakufa! Wakalia zaidi: "Eeh, masikini! Akili inatoka!"

Papa Adalbert akaja na koti jeusi. Koro ya parokia ikaja na kuanza kuimba. Na Mama Graciella! Akaingia mbio, akajitupa chini kwenye vumbi mbele ya watu wote: "Yaya Josée, dada yangu mukubwa, njo unaenda hivi? Nani njo alifundisha mama yangu kukoroga karanga? Si weye! Nani njo alimupatia mizizi ya kwanza? Si weye! Na mi nilisema uongo ju ya meza! Sasa nitaomba musamaha kwa nani?"

Nikaruka kutafuta simu nimrekodi. Simu ilikuwa kwa jirani, kwenye chaji. Mungu wangu, kwa nini leo!

Hapo Mama akaingia.

Nimeambiwa baadaye. Aliona watu barabarani, akamwuliza mama mmoja nani njo alikufwa. Yule mama, uso ndani ya pagne, akasema ni Mama Josée wa kikanda. Mama akasema masikini wee, na yeye akaanza kulia, akidhani kuna Josée mwingine. Alilia vizuri mpaka alipofika chini ya kaliko.

Hakupiga kelele. Alishusha beseni, akasimama juu ya Mama Graciella, akasema: "Endelea, mama. Pale kwa mizizi, sikusikia muzuri."

Nusu ya watu wakatoka kwa mlango, nusu kwa ukuta. Koro ilibaki, wimbo ulikuwa bado na beti. Papa Adalbert alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Halafu Mama akageuka kunitazama.

Sitaandika alichosema. Nitaandika tu kwamba ameniita kwa majina yangu yote, Bénie, na la ukoo, na hata lile la ubatizo ambalo Sylvain alikuwa halijui.

Lakini watu walikuwa wameshaleta unga na mfuko wa makaa, na Mama akasema hakuna atakayetoka na njaa kwenye kilio chake. Waliokimbia wakaanza kurudi, mmoja mmoja. Beseni lote limeisha. Walikula huku wanamgusa mkono, kuhakikisha.

Nikamkimbilia Papa Adalbert: si amesikia mwenyewe maneno ya Mama Graciella! Akasema amesikia, lakini maneno ya kilioni ni machozi, na machozi si maandishi. Na Mama Graciella, akijipangusa vumbi, akasema alikuwa na uchungu, hakumbuki hata kidogo alichosema. Papa Adalbert anabaki na ensiklopedia. Jumatatu.

Jumapili, tarehe 14 Septemba

Mama hasemi na mimi. Anasema na Shalom. "Shalom, ambia mama yako chumvi iko wapi." "Shalom, ambia mama yako aondoshe sura yangu kule ku barabara." Shalom, ambaye anajua kusema "ba" tu, amekuwa balozi.

Misani padri alimwona Mama kwenye benchi la mbele, akapoteza mstari wa Injili. 

Mchana kifungo changu kimekwisha. Nimefungua ukurasa wa Kikanda nikiwa na hofu. Na humo, kama zawadi kutoka mbinguni! Imeandikwa: "Kwenye soko la Kampemba, Lubumbashi, kikanda kilianza kuuzwa na Josée Ngoie." Na kanambari kadogo pembeni. Chanzo! Kominike ya redio! Ameweka Séverin mwenyewe, kwa mkono wake!

Nimeruka. Nimecheza. Nimembusu Shalom, nimembusu Sylvain, nimerudi kusoma tena kwa raha.

"Josée Ngoie (1958–2025)."

Chini Séverin ameniandikia barua ndefu. Pole sana, dada. Ameisoma kominike mtandaoni huko huko Kasenga. Hakujua kwamba wakati wote ule nilikuwa nauguza. Anaomba radhi kwa ukali wake, na mama yake pia anasema pole, na wamenuia misa kwa ajili ya marehemu.

Nikamjibu kwamba mama yangu ni mzima. Akasema ananielewa, yeye pia alipofiwa na baba yake alikataa kwa muda mrefu. Nikasema hapana, ni mzima kweli, yuko hapa, anakula tonge la bukari! Kisha akaandika, nafikiri kwa uchungu: "Chanzo?"

Nimempiga Mama picha na bukari mkononi, nimetuma. Akajibu picha ya familia haikuchapishwa popote, tarehe yake haijulikani, na tena huyo mama anaonekana amekasirika sana. Nikamwomba Mama aongee naye kwenye simu. Mama akasema: "Shalom, ambia mama yako, mufu hasemake ku telefone."

Nimekimbilia redio nikabishe mlango. Mtangazaji hataki kuniona, watu wamemtukana tangu jana. Na tena, akasema, kominike ya kutangaza mtu ni mzima hana mfano wake.

Kesho Papa Adalbert anasoma. Mungu wangu.

Jumatatu, tarehe 15 Septemba

Ninaandika huku mkono unanuka karanga. Nieleze kwa utaratibu.

Papa Adalbert amekuja sokoni na ukurasa umechapwa kwenye karatasi. Soko zima likamzunguka, chini ya bati jipya. Akavaa miwani. Akasoma: kikanda kilianza kuuzwa na Josée Ngoie. Nikapiga vigelegele! Mama Graciella akatazama viatu vyake. Mama alikuwa mbele kabisa, amesimama na beseni kichwani, mguu mmoja ameulegeza kama anavyofanya goti likiuma.

Papa Adalbert akaendelea: mabano, 1958, kistari, 2025, funga mabano. Akasoma tena. Akamtazama Mama. Akatazama karatasi.

Akasema hili ni tatizo. Akiamini karatasi kwa kikanda, lazima aiamini na kwa kifo. Hawezi kula nusu ya sentensi na kutema nusu.

Mama Graciella akafufuka hapo hapo. Mufu hauzake kikanda, akasema, meza ipewe bazima! Nikasema basi mrithi ni mimi, na mimi nitamkalisha ninayetaka! Akasema mrithi gani, ule anazika mama yake na radio? Soko likacheka mpaka kuku wakaruka. Papa Adalbert akainua mkono, akasema labda komite iahirishe mpaka mwakani, maandishi yasahihishwe kwanza.

Mwakani! Nilimtazama Mama. Ile miguu, mpaka mwakani.

Mama akashusha beseni. Taratibu akamtoa Papa Adalbert karatasi mkononi, kama unavyomtoa mtoto kisu. Akachukua kisu chake yeye, akakata kipande cha kikanda, kinene, akakifunga ndani ya ile karatasi na mabano yake yote, akampa. "Kula, mwalimu."

Mwalimu akala. Akatafuna, akameza, akasimama wima. Pilipili ikamfika. Macho yakajaa maji, akakohoa, akaomba kikombe cha maji, akakohoa tena. Sauti ilipomrudia, ikiwa ndogo sana, akasema kwamba amefundisha miaka mingi na anajua kusoma, lakini mufu hawezi kutia pilipili namna hii. Meza ni ya Josée.

Mama aliweka beseni juu ya simenti. Akakaa, polepole, mikono juu ya magoti. Akapitisha kiganja kwenye meza, mara moja, kama anamfuta mtoto uso. Na mimi nikapiga magoti pale pale, mbele ya watu, nikaanza kumkanda.

Jioni amesema na mimi mwenyewe, bila Shalom. Akasema Jumamosi hakuingia mara moja. Alipotoka chini ya kaliko alisimama nyuma ya ukuta na beseni lake, akasikiliza. Alitaka kusikia nani analia, na nani anaigiza. Walilia wengi, akasema. Alishangaa. Halafu akasema nikirudia upuuzi kama ule atanizika mimi, na kominike ataandika yeye. Kisha akanipa kile kipande cha pembeni, kigumu kilichoshika sufuria, ninachokipenda mimi tu.

Alhamisi, tarehe 18 Septemba

Mama anauza amekaa! Watu wanatoka mbali kuja kumwona mama aliyekufa Jumamosi, na ukishafika mpaka mezani unaona aibu kuondoka bila kununua. Mchana beseni ni tupu. Mama Graciella amechukua meza ya pili na anawaambia wateja kwamba mama yake alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa Yaya Josée, kwa hiyo kikanda chake ni cha shule ile ile. Mama amemsikia. Amemwacha.

Kwenye ensiklopedia bado amekufa. Mama anasema niache hivyo hivyo, meza tumepata, na marehemu hasumbuliwi na michango ya vikao. Sylvain naye anasema niache. Mtu asiyejifunza angeacha.

Mimi nimejifunza. Nimekaa, nimechunguza, nimeona kosa lilikuwa wapi: redio! Redio ina mfano mmoja tu. Kilichotakiwa tangu mwanzo ni gazeti, na mtaa wetu hauna gazeti.

Haukuwa nalo mpaka leo asubuhi. Mimi na Fils tumelianzisha. Karatasi moja, pande mbili, limebandikwa kwenye mlango wa kiduka chake ambapo yeyote anaweza kuliona. Fils si ndugu yangu, kwa hiyo ni la kujitegemea. Upande wa mbele, kwa herufi kubwa: MAMA JOSÉE NI MZIMA. Tayari nimempelekea Séverin.

Upande wa nyuma ulibaki mtupu, na karatasi ni kuitumia. Nimeweka habari ya Bi. Bénie Ngoie, mwanzilishi wa uandishi wa habari Kampemba, mtafiti, mama wa mtoto mmoja, anayejulikana mpaka Kasenga. Ukurasa wake kwenye ensiklopedia nimeshaufungua, na chanzo kipo, toleo la kwanza, upande wa nyuma.

Simu imelia. Ni Séverin. Ameandika maneno mengi sana, sijayasoma bado, lakini kwa urefu ule ni pongezi.